Haikuwa Sumu, Mama

Kalundu, Uvira
Jumatatu

Mama yangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristu. Ninakusalimu kwa heshima na kwa upendo mwingi, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti yameacha kukusumbua tangu mvua zipungue. Je, mihogo ya kule bondeni imeshika? Na maharagwe? Yaya Bernardine, mkubwa wetu, na watoto wake wanaendeleaje? Huku nyumbani tuko salama. Noella anakusalimu sana, na wajukuu wako hawaachi kuuliza Koko, bibi yao, atarudi lini kuwasimulia habari za sungura. Mimi mwenyewe natembea, ninakula, ninalala, na ninakojoa kama watu wengine. Usicheke, Mama. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa sala yangu ya kwanza kila asubuhi.

Najua utashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu iko. Ni kwa sababu simu ya hapo Runingu ni ya watu wote. Ikilia anaishika mdogo wangu Héritier, anaweka sauti juu, na kila aliyeko uani anasikiliza. Mambo ya barua hii si ya uani. Barua nimempa Héritier mwenyewe akuletee, lakini hajui kilichomo. Vaa miwani yako, ukae peke yako, usome polepole mpaka mwisho.

Nianze na ugonjwa, maana wewe ulikuja ukaukuta umekwisha kunishika, na yaliyofuata umeyasikia kwa Héritier, naye unamjua kwa kuongeza chumvi.

Ulianza kama uchovu wa mgongo. Kazi yangu ya kutengeneza injini za mitumbwi ni kazi ya kuinama kutwa, kwa hiyo sikujali. Kisha maumivu yakaingia ndani zaidi, mahali ambapo sikuweza kupaonyesha kwa kidole. Hayakuwa tumboni, hayakuwa mgongoni; yalikuwa katikati, kama mtu ameshika kitu ndani yangu na hataki kukiachia. Nikatibiwa malaria, nikatibiwa tifoidi, nikatibiwa minyoo na vidonda vya tumbo. Nikakonda, suruali ikawa inafungwa kwa kamba. Halafu miguu ikavimba mpaka viatu vikakataa, na mkojo ukaanza kupungua. Ulipofika kutoka Runingu ukanikuta nimekaa kwenye mkeka nimejikunja, kwa sababu kulala chali kulinishinda na kusimama kulinishinda.

Uliniuliza ninakula wapi mchana. Nikakujibu kwamba ninakula kwa Capitoline, kama mafundi na wapagazi wote wa bandari. Nakumbuka ulinyamaza. Siku hiyo sikuelewa unyamavu wako.

Baada ya hapo daktari Marcellin wa hapa Uvira akanipima kwa ile mashine ya picha ya tumbo. Ni kijana, lakini ana moyo mzuri. Alinionyesha figo zangu zote mbili zimejaa maji kama vibuyu, akatafuta jiwe lililoziba njia, asilione. Akaniambia bila kuzunguka kwamba anaona kitu kimezuia mkojo usishuke, ila hajui ni kitu gani, na kwamba nikikaa hapa figo zitakufa zote. Ilihitajika skana. Bukavu njia haikupitika kwa sababu ya vita. Ikabaki Bujumbura, ambayo tunaiona kwa macho ng'ambo ya maji hali ya hewa ikiwa safi. Ndipo Héritier akanipandisha gari, tukavuka mpakani Kavimvira, nami nimelala kwenye kiti cha nyuma nikihesabu mashimo ya barabara kwa kilio.

Kule nilipokewa na mama mmoja daktari wa figo anaitwa Inamahoro. Si mtu wa maneno mengi. Kabla ya kitu chochote alinitoboa mgongoni pande zote mbili, akapitisha mipira miembamba mpaka kwenye figo, na mkojo ukaanza kushuka ndani ya mifuko miwili iliyoning'inia kitandani. Miguu ikaanza kupungua. Kisha nikaingizwa kwenye skana, na alipoisoma alikaa nayo muda mrefu kabla ya kuniita.

Alinieleza hivi: nyuma kabisa ya tumbo, karibu na uti wa mgongo, panapopita mshipa mkubwa wa damu, kumeota nyama ngumu ambayo haikupaswa kuwepo. Imeuzunguka ule mshipa kama udongo unavyozunguka mzizi, na imeshika ile mirija miwili inayoshusha mkojo, ikaivuta katikati na kuibana. Nikamwambia, basi dokta, injini si mbovu na petroli iko, ila mpira wa petroli umefungwa na waya. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akicheka. Akasema ndivyo, ila hajajua ule waya ni wa chuma gani. Inaweza kuwa saratani. Inaweza kuwa kifua kikuu kilichojificha tumboni. Au inaweza kuwa ugonjwa mmoja wa nadra ambao yeye mwenyewe ameukuta kwa wagonjwa wachache sana tangu aanze kazi. Dawa ya huo ugonjwa wa nadra ipo, lakini ukimpa mtu mwenye saratani itaificha, na ukimpa mwenye kifua kikuu itakiamsha. Kwa hiyo lazima wachukue kipande cha hiyo nyama na kukipeleka nchi nyingine kikasomwe, na mimi nisubiri.

Wakanipasua, wakachukua kipande. Nikasubiri. Na nilipokuwa nasubiri, mpaka wa Kongo na Burundi ukafungwa.

Mama, sijui kama naweza kukueleza nilivyokaa kule. Mifuko miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto. Nikitaka kugeuka lazima Héritier aiinue kwanza, kama mtu anayegeuza mzigo wenye kamba. Mgongoni nina mipira, tumboni nina mshono, kwa hiyo hapakuwa na upande wa kulalia. Dirisha la chumba lilitazama ziwa, na ng'ambo niliiona milima ya kwetu, ile iliyo juu ya Uvira, wakati mwingine wazi kabisa mpaka nikaweza kuonyesha Kalundu ilipo. Siwezi kwenda. Noella hawezi kuja. Na ndani ya mwili wangu kile kitu kinaendelea kukaza, bila jina.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu.

Siku moja Noella alinipigia simu akiwa na sauti ambayo siijui. Alisema pale Kalundu watu wote wanasema Damien amepewa karuho, ile sumu ya polepole, na kwamba aliyeniwekea ni Capitoline. Wateja wamemkimbia. Wapagazi aliowalisha miaka yote wanapita mbali na kibanda chake wakitema mate. Vijana wamerusha mawe juu ya bati lake. Alipotoka kwenda kuchota maji kwenye robinet, lile bomba la mtaa, wanawake walimwaga ndoo zao mbele yake wakasema hawawezi kuchota alipochota yeye. Akarudi ndani akajifungia.

Unapajua kwake, Mama. Nyumba ile iko pembeni kabisa. Tangu ziwa lipande, maji yalichukua jiko lake la zamani na choo, na sasa yanasimama nyuma ya ukuta. Mbele kuna njia moja tu, na kwenye hiyo njia ndipo vijana walipokaa. Nyuma maji, mbele vijana. Hana mume, hana mtoto mkubwa. Mkubwa wa avenue, yule kiongozi wa mtaa wetu, alienda kuongea naye, na badala ya kuwafukuza wale vijana akamwambia abaki ndani mpaka Damien arudi mzima au afe, hapo ndipo mambo yatajulikana.

Nilimwomba Noella arudie maneno hayo. Akarudia. Basi nikaelewa kwamba tumefungwa pamoja, mimi na yule mama. Nikifa Bujumbura kwa saratani, au kwa damu, au kwa mshono kuoza, Kalundu watasema imethibitika, na watamchoma ndani ya nyumba yake. Nilikuwa naitazama ile mifuko ya mkojo na kuona maisha ya watu wawili yananing'inia pale.

Na nisikufiche: kwa siku kadhaa niliwaza pia, labda ni kweli. Nilikumbuka kila sahani aliyonipa. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa ananipa supu kwanza kabla ya wenzangu, nikajiuliza kwa nini. Maumivu yanamfanya mtu atafute mkono ulioyaleta.

Aliyenitoa kwenye mawazo hayo ni Noella. Niligundua baadaye kwamba tangu mwanzo alikuwa anapita kwa mama Bella, jirani wa upande wa bandari, anavuka yale maji nguo amezikunja mpaka mapajani, anampelekea Capitoline unga na maji ya kunywa kupitia dirisha la nyuma. Mke wa mgonjwa mwenyewe. Nilipomuuliza kama haogopi, alinijibu, «Minye ndiye niko nalala na weye. Kama iko mwenye kukuwekea sumu, si bangenitaja minye kwanza? Basi leo ni yeye, kesho ni minye.»

Nikamwomba daktari Inamahoro aongee na mkubwa wa avenue kwa simu, aseme tu kwamba si sumu. Alikataa. Nilikasirika sana. Akavuta kiti, akakaa, akaniambia hajawahi kuona sumu inayofanya mambo ya namna ile, lakini kama leo akisema kitu asichokijua, na kesho majibu yakaja na kitu kingine, neno lake halitamsaidia tena mtu yeyote. Akasema afadhali aseme mara moja, na aseme kweli. Akaandika tena barua kwa wale wanaosoma vipande, kuwahimiza.

Majibu yalikuja asubuhi moja mvua ikinyesha. Aliingia akiwa amekwisha kutabasamu, nikajua. Haikuwa saratani. Haikuwa kifua kikuu. Ulikuwa ule ugonjwa wa nadra. Kwa Kifaransa wanauita fibroze, halafu kuna neno lingine refu ambalo Héritier alilitamka nusu akaliacha. Maana yake ni kovu, Mama. Nyama ya nyuma ya tumbo inavimba yenyewe na kuwaka kama kidonda ambacho hakuna aliyekileta, halafu mwili unajaribu kuiponya na kuitengenezea kovu, na hilo kovu halijui kuacha. Linaongezeka, linashika kila kilicho karibu. Nikamuuliza nani amelianzisha. Akasema hakuna. Wakati mwingine ni dawa fulani, au sigara, au mwili unajipiga wenyewe kwa kosa. Kwangu hawajui, na pengine hawatajua kamwe. Ila akanishika mkono akanitazama machoni, akasema, «Chakula hakifanyi hivi. Hilo sasa naweza kuliapa.»

Wakaniondolea mifuko, wakaniwekea mipira midogo ndani kwa ndani, inayoshikilia ile mirija isibanwe. Nikaanza vidonge vya prednizone. Baada ya siku chache tu lile jambo lililokuwa limenishika likaniachia. Sijui kulieleza vingine. Niliamka nikakaa kimya, nikawa nalitafuta ndani yangu, silioni. Héritier alidhani ninakufa.

Daktari alitimiza ahadi. Alirekodi ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, akataja cheo chake, akaeleza ugonjwa, akasema si sumu. Nikamtumia Noella, akausikilizisha mbele ya duka la dawa watu wakiwa wamejaa. Unajua walisema nini? Kwamba sauti yoyote inaweza kutengenezwa. Kwamba kama ni mzima mbona haji. Mmoja akasema hata huyo daktari amelishwa.

Basi nikajua ni mimi tu watakayemwamini, wakiniona nimerudi. Mpaka ulipofunguliwa kidogo nikamwomba daktari aniruhusu. Hakupenda. Alitaka nibaki karibu naye, aone damu yangu kila wiki, kwa sababu ile mipira ya ndani haikai milele; baada ya miezi michache lazima ibadilishwe, na hapa Uvira hakuna wa kuibadilisha. Mpaka ukifungwa tena nikiwa upande huu, nitakuwa nimejitia mtegoni mwenyewe. Nilimwambia najua. Akaandika maagizo kwa daktari Marcellin, akanipa vidonge, akanikataza chumvi na sukari, akaniacha niende.

Mama, ungeniona siku ile usingenitambua. Ile dawa inavimbisha uso. Mashavu yangu yalikuwa mviringo kama ya mtoto wa miezi sita, shingo imenenepa, na mikono bado mifupa. Nilishuka bandarini, watu wakanitazama, nikasikia mmoja anamwambia mwenzake kwamba sumu imempanda usoni. Sikwenda nyumbani kwanza. Noella alikuwa amekuja kunipokea. Tukaenda moja kwa moja kwa Capitoline, na watu nyuma yetu wakizidi kuwa wengi. Vijana wa njiani walitupisha.

Nikabisha. Hakufungua. Nikabisha tena, na kutoka ndani ikaja sauti yake, imekauka, «Kama munakuya kunichoma, muchome. Minye nimechoka.»

Nikasema, «Mama Capitoline, ni Damien. Niko na njaa.»

Nayo haikuwa mchezo, kwa maana zile dawa zinatia njaa ya ajabu. Ningeweza kula mlango wenyewe. Kisha akauliza, «Njaa ya nini?» Nikamjibu bugali na samaki, na apike hapa nje, watu waone. Akasema hana makala hata moja ya kuwasha jiko. Noella akarudi nyumbani kwetu akaleta makala, unga na mukeke wawili wa asubuhi ile.

Alipotoka, Mama, nilitaka kugeuza uso. Alikuwa amekwisha kama mimi nilivyokuwa. Tungeweza kudhani ugonjwa ni mmoja. Alipika akiwa ameinama, bila kumtazama mtu. Nilipomwambia asitie chumvi, mikono yake ikasimama. Nadhani aliwaza ni mtego mwingine. Nikamweleza ni daktari aliyenikataza. Akaniwekea sahani mbele, naye akasimama akinitazama mdomo.

Nikala. Nikala tonge kwa tonge, samaki wote wawili, na kichwa, na nikafuta sahani kwa bugali wa mwisho. Watu walikuwa wananitazama kama wanangoja nianguke. Kisha mzee Chadrack, yule mkubwa wa wapagazi aliyekuwa wa kwanza kuacha kula pale, akatoka kwenye watu, akaketi kwenye benchi karibu yangu, akasema, «Na minye unipatie.» Sufuria ilikuwa imebaki na ukoko tu. Akala ukoko.

Hakuna aliyeomba msamaha. Wengine waliondoka wakinung'unika. Capitoline aliichukua sahani yangu, akaiosha, akaiweka juani, kisha akazunguka nyuma ya nyumba penye maji na kukaa huko mpaka watu wakaisha.

Sasa amefungua tena. Chadrack anakula pale, na mafundi karibu wote. Lakini wako wanawake wanaovuta watoto wao anapopita. Daktari Marcellin alikuja siku moja akaeleza ugonjwa wangu mbele ya watu wa avenue, na hilo limesaidia, ila halikumaliza.

Mama, sasa soma kwa utulivu.

Juma lililopita Capitoline alikuja nyumbani kwetu. Alikataa kuketi. Alisema hataki chochote kwa mtu, wala hatapeleka mashtaka popote. Anataka kujua jambo moja tu: nani aliyekuwa wa kwanza kulitaja jina lake. Alisema kila mwanamke anayemsalimia kwenye robinet anamtazama na kuwaza, ni huyu. Anampikia mtu huku anawaza, ni huyu. Alisema ameanza kuwachukia watu wote kwa ajili ya mmoja, na hawezi kuishi hivyo, heri angeuawa.

Noella akanitazama. Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa nalo hilo neno mdomoni.

Mama, nilimwambia. Nilikutaja.

Nilimwambia kwamba mama yangu alikuja akakuta mwanawe anakufa na hakuna daktari anayejua kwa nini. Kwamba alikwenda kwenye kikundi cha maombi pale Kalundu, na mama wa maombi akasema anaona mkono wa mwanamke anayepika, na kwamba wewe ndiwe uliyesema mbele ya wote mwanamke huyo anaitwa Capitoline, mkaliombea jina hilo, kisha watu wakatoka nalo. Nilijuaje? Uliniambia mwenyewe, asubuhi tulipokuwa tunaondoka kwenda Bujumbura. Uliinama kwenye dirisha la gari ukaninong'oneza kwamba nisiogope, mama wa maombi ameuona mkono wa mpishi, wewe umemtaja Capitoline, na mmekwisha kumfunga kwa maombi. Ulifikiri ninasinzia kwa homa. Nilisikia.

Sikukutaja kwa hasira. Nimekaa kule nikibanwa na kitu kisicho na jina, nikaona jinsi mtu anavyopumua siku kinapopewa jina. Sikuweza kumnyima yeye kitu ambacho mimi nilipewa.

Nilidhani atapiga kelele. Kisha akauliza, polepole kama anayekumbuka, «Yule mama niliyemuchagulia samaki bila miiba, juu ya meno yake mabovu?» Nikasema ndiye. Akafunika uso kwa kitenge chake, akaondoka.

Kesho yake alirudi. Atakuja Runingu Jumamosi hii, na Noella atamsindikiza. Haji na polisi, haji na ndugu. Anataka kusikia kwa mdomo wako kwa nini. Nilitaka kuja nao, lakini barabara inanitikisa ile mipira na daktari Marcellin amenikataza. Labda ni vizuri nisiwepo. Sikwambii useme nini, Mama. Najua ulitaka kuniokoa, na hata sasa nikifikiri mkono wako kwenye dirisha lile machozi yananitoka. Lakini usijifiche shambani, na usimweke Héritier akuongelee.

Kuna jambo la mwisho, na hili hata kwa simu nilikuficha. Figo ya kulia imekufa. Ilibanwa muda mrefu mno. Ninaishi kwa ya kushoto peke yake, nayo inategemea mpira mmoja mwembamba ambao wakati wake wa kubadilishwa unakaribia, na mpaka wa nchi, leo unafunguliwa, kesho unafungwa. Nikipunguza dawa kovu linaweza kurudi. Nikiendelea nazo zinanila mifupa. Pengine nitakaa miaka mingi, daktari amewaona waliokaa. Pengine sitakaa. Nakuambia ili ujue mapema, ujue kwa jina lake. Siku ikifika, itakuwa ni ugonjwa huu. Lia, nizike karibu na Baba, wala usitafute mtu. Usimtaje mtu yeyote, Mama. Nakuomba hilo kuliko nilivyowahi kukuomba kitu chochote.

Nisalimie Yaya Bernardine na watoto wake, nisalimie padri na majirani wote. Wajukuu wako wanakukumbatia. Noella anasema atakuletea ndagala wakavu siku hiyo ya Jumamosi. Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri, na akupe maneno.

Ni mimi mwanao anayekupenda,

Damien